Wiki Tatu za Kuipima Baiskeli Mpya ya Milimani

Katoni ilishushwa kutoka kwenye buti la basi la Dar es Salaam jioni ya Ijumaa, ikiwa imelala kwa ubavu chini ya magunia mawili ya mchele, na ubavu huo, kama nilivyokuja kubaini baadaye, ulikuwa ule wa kulia, upande wa gia. Wakati ule sikulitilia maanani jambo hilo. Nilikuwa nimedunduliza fedha kwa miaka miwili ili ninunue baiskeli ya milimani ambayo haijapandwa na mtu mwingine, na sasa ilikuwa mbele yangu hapa Lushoto: fremu ya alumini, magurudumu ya inchi 29, shokapu ya mbele yenye mwendo wa milimita 120, nyuma bila shokapu, breki za diski zinazotumia mafuta, na gia 12 ambazo sproketi yake kubwa ina meno 51.

Asubuhi iliyofuata niliipanda kama ilivyotoka dukani. Nilikwenda hadi Irente, nikatazama nyika ya Mombo chini ya jabali kama nilivyozoea, kisha nikaanza kurudi. Kwenye kona ya kwanza yenye changarawe gurudumu la mbele lilihama upande kana kwamba limekanyaga punje za mahindi sakafuni, mkono wangu wa kulia ukaibana breki niliyodhani ni ya mbele, gurudumu la nyuma likafunga, nami nikaenda chini kwa bega. Sikuumia sana, lakini nilikaa kando ya barabara kwa muda nikiitazama baiskeli na kujiuliza kosa liko wapi. Nilipofika nyumbani na kuweka geji kwenye tairi nilikuta upepo wa psi 50 mbele na nyuma. Duka lilikuwa limejaza tairi mpaka zikawa ngumu kama jiwe, limefunga breki ya mbele mkono wa kushoto, limekiacha kiti chini, na shokapu halikuwa limeigusa kabisa. Kila kifaa kilikuwa kizima. Kilichokosekana ni vipimo vya mtu atakayeipanda na njia atakazopita.

Jioni hiyo nilinunua daftari la kurasa 96 na kujiwekea masharti mawili. La kwanza, kila kitu kitapimwa kwa rula, geji au mizani na kuandikwa, hata pale ninapodhani najua. La pili, sitabadilisha vitu viwili kwa siku moja, kwa sababu baiskeli ikibadilika tabia baada ya kuguswa sehemu mbili, hakuna namna ya kujua ni ipi iliyoleta tofauti. Sharti hili la pili ndilo lililonigharimu wiki tatu, na ndilo ninalolithamini kuliko spana yoyote niliyonayo.

Nilianza na bolti, na hapa sitakawia. Baiskeli ya katoni hufungwa kwa haraka, na anayeipokea hana budi kupitia kila bolti kabla ya kuipanda tena. Bolti nne za kushikilia usukani zinatakiwa kukazwa kwa nyutoni mita 5 hadi 6, kwa zamu na kwa mshazari ili nafasi ya juu na ya chini zilingane. Bolti za diski zinakaribiana na kiwango hicho. Pedeli zinahitaji nguvu zaidi, kati ya nyutoni mita 35 na 40. Pedeli ya kushoto ina nyuzi za kinyume, yaani hukazwa kwa kuzungushwa kushoto, na nyuzi za kranki ya alumini zikiharibiwa na pedeli iliyoingizwa mshazari hakuna grisi itakayozirudisha. Mimi nilizitoa pedeli zote mbili, nikakuta nyuzi kavu, nikazipaka grisi na kuziingiza tena kwa vidole mpaka zikagota, ndipo nikatumia spana. Nguzo ya kiti nayo ilikuwa kavu. Nguzo ya alumini ikikaa kwenye fremu ya alumini bila grisi, mvua mbili za masika zinatosha kuanza kuzigandisha pamoja.

Shingo ya usukani ilihitaji subira kidogo. Nilibana breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma huku vidole vya mkono mwingine vikigusa mahali shokapu inapoingia kwenye fremu, nikasikia mgongano mdogo sana, kama jino linalocheza. Dawa yake ni kulegeza bolti mbili za ubavuni, kukaza ile ya juu kidogo kidogo mpaka mchezo uishe huku usukani ukizunguka kwa wepesi, kisha kukaza zile za ubavuni. Anayeikaza bolti ya juu kabla ya kulegeza za ubavuni anabana chuma na kuacha beringi vilevile, na wengi hufanya hivyo kwa kuwa bolti ya juu ndiyo inayoonekana.

Siku ya tatu ilikuwa ya kiti. Ipo hesabu ya zamani ambayo ilienezwa na Greg LeMond, yule Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara tatu: pima urefu wa mguu kwa ndani, kuanzia sakafuni hadi kwenye msamba ukiwa umesimama bila viatu, uzidishe kwa 0.883, na jibu ni umbali kutoka katikati ya ekseli ya kranki hadi juu ya kiti. Mguu wangu ni sentimita 80, hivyo jibu lilikuwa sentimita 70.6. Hesabu hiyo ilitungwa kwa ajili ya barabara ya lami na viatu vinavyonasa kwenye pedeli, kwa hiyo niliichukua kama mahali pa kuanzia tu. Nikaihakiki kwa njia ambayo wazee wetu waliitumia bila kujua desimali: kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu ukiwa umenyooka, nyonga zikiwa zimetulia. Njia zote mbili zilitofautiana kwa nusu sentimita. Baada ya safari mbili za kupanda kuelekea Magamba niliteremsha milimita 6, kwa sababu nilihisi nyonga zikiyumba kila nilipokanyaga.

Mwili wenyewe husema vizuri kama mtu ataukubalia. Maumivu mbele ya goti kwa kawaida yanamaanisha kiti kiko chini mno au mbele mno; maumivu nyuma ya goti, kiko juu mno. Baiskeli yangu haina ile nguzo ya kushuka kwa kitufe, na kwenye mteremko wa mawe kiti kilicho juu humsukuma mpandaji mbele ya usukani, mahali pabaya kuliko pote. Nimezungushia nguzo vipande viwili vya utepe, kimoja cha kupandia na kingine sentimita 5 juu yake. Nikifika kileleni nafungua klipu, nakizamisha kiti mpaka utepe wa juu ukutane na fremu, nafunga, nateremka. Inachukua sekunde kumi.

Kisha usukani na mikono ya breki. Mikono hii ilikuwa imeinamishwa kiasi kwamba kifundo changu kilijikunja kila nilipoisogelea. Niliiinua hadi mkono, kifundo na kidole cha shahada vikawa kwenye mstari mmoja nikiwa nimesimama juu ya pedeli, kwani ndivyo mtu anavyokaa anapohitaji breki kweli. Niliisogeza pia kuelekea katikati ili ncha ya mkono wa breki ikutane na kidole kimoja tu, vidole vingine vikibaki vimeshika usukani. Usukani wenyewe una upana wa milimita 780, na kwenye njia za ndani ya msitu wa Magamba, ambako miti imesogeleana, nilikwaruza vidole mara tatu. Sikuukata. Nilisogeza vishikio na mikono ya breki ndani kwa milimita 20 kila upande, nikaacha ncha zikijitokeza, nikatembea hivyo kwa wiki nzima kabla ya kuamua. Usukani uliokatwa haurefuki.

Suala la breki ipi iko mkono gani lilinishughulisha zaidi. Baiskeli zinazouzwa Marekani hufungwa breki ya mbele kushoto, na zile za Uingereza kulia. Mimi siku za kazi napanda pikipiki kwenda shuleni ninakofundisha, na pikipiki zote breki yake ya mbele iko mkono wa kulia. Mikono yangu imejifunza hivyo kwa miaka tisa, na kwenye hatari mkono hauulizi, unafanya ulichozoea. Ile kona ya Irente ilinithibitishia. Kuzibadilisha breki za mafuta ni kazi ya mchana mzima, kwa sababu ni lazima kufungua mipira ya mafuta, kuipitisha upya, kisha kutoa hewa yote iliyoingia. Mfumo wangu unatumia mafuta ya madini, na mtu asije akadanganywa kutia mafuta ya breki ya gari kwa vile yanapatikana kila duka la spea, maana yanaozesha mipira ya ndani ya mfumo wa namna hii. Mara ya kwanza mkono wa breki ulibaki laini kama sifongo. Nilirudia, nikagongagonga mpira wa mafuta kwa mpini wa bisibisi mpaka vipovu vidogo vikapanda juu, na mara ya pili ukawa mgumu mahali panapotakiwa.

Breki mpya za diski hazishiki vizuri hata zikiwa zimefungwa kwa usahihi kamili. Pedi inatakiwa kwanza iache utando mwembamba na sawia wa mata yake juu ya diski, na utando huo haujitengenezi wenyewe. Nilichagua kipande cha lami chenye mteremko mpole nje kidogo ya mji, nikawa naongeza mwendo hadi kilomita 20 au 25 kwa saa kisha napunguza kwa nguvu hadi mwendo wa mtu anayetembea, bila kufunga gurudumu na bila kusimama kabisa, mara 20 kwa breki ya mbele, mara 20 kwa ya nyuma. Mara tano za mwanzo sikuhisi lolote. Kuanzia ya nane breki ilianza kuuma, na ilipofika ya kumi na tano ilinibidi nirudishe uzito nyuma ili nisirushwe. Diski zikaachwa zipoe zenyewe, pasipo kumwagiwa maji. Tangu hapo sijazigusa kwa vidole, na chupa ya mafuta ya mnyororo naiweka mbali nazo, kwani tone moja la mafuta kwenye pedi linatosha kuiharibu.

Ninajali sana hatua hii kwa sababu ya milima tunayoishi. Kutoka Lushoto, iliyo kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi Mombo iliyo karibu na mita 400, ni kilomita zipatazo 33 za kona kupitia Soni. Mimi, baiskeli na mzigo wangu tuna uzito wa kilo 90. Kushusha kilo 90 kwa mita 1,000 kunatoa nishati ya takriban kilojuli 880, ambayo ingeweza kuchemsha zaidi ya lita mbili na nusu za maji ya baridi. Sehemu yake huchukuliwa na upepo unaokupiga usoni, lakini inayobaki inapita kwenye diski mbili zenye uzito mdogo kuliko kikombe cha chai. Waanzilishi wa mchezo huu waliyajua haya kwa mikono yao: mwaka 1976, katika wilaya ya Marin huko California, vijana walianza kushindana kuteremka njia ya vumbi kwa baiskeli nzito za zamani zenye breki ya kukanyaga nyuma, na joto lilikuwa likiunguza grisi ya habu kiasi kwamba baada ya kuteremka walilazimika kuifungua na kuipakia grisi upya. Mashindano yakaitwa Repack kwa sababu hiyo. Sisi tuna vifaa bora kuliko vyao, na milima yetu haijapungua urefu.

Sasa tairi, ambalo kwa maoni yangu ndilo jambo lenye faida kubwa kwa gharama ndogo kuliko yote. Watu wengi huku, na mafundi wengi pia, wanaamini kwamba tairi gumu ni tairi zuri, na kwa Phoenix inayobeba gunia la viazi hadi sokoni wako sahihi. Kwenye njia ya mawe na udongo mwekundu mambo ni tofauti. Tairi lenye upepo mwingi hugonga kila jiwe na kuruka, na gurudumu lililo hewani halipindi wala halifungi breki. Tairi lenye upepo wa wastani hujifinyanga juu ya jiwe na kuendelea kushika ardhi. Niliondoa tyubu na kuzigeuza tairi kuwa tyubulesi. Nilibandika utepe maalumu ndani ya rimu, nikaweka vali, nikamimina mililita 100 za dawa ya tairi kila upande. Pampu ya mkono haikuweza kuligotesha tairi kwenye kingo za rimu kwa sababu upepo ulivuja kabla halijakaa, hivyo nilikwenda gereji ya magari yenye kompresa, na kwa mlipuko mmoja wa upepo tairi likagota kwa milio miwili mikavu. Usiku mzima nililigeuza kila nusu saa ili dawa ifike pande zote.

Baada ya hapo ilibaki kutafuta namba. Nilianza na psi 28 mbele na 30 nyuma, nikawa nashusha psi mbili kila safari kwenye njia ileile, kona ileile iliyoniangusha. Kwenye 24 changarawe ilianza kusikika tofauti, sauti nzito kidogo badala ya mikwaruzo. Kwenye 20 mbele tairi lilijikunja kwenye kona na kunitia hofu, na nyuma kwenye 22 niligonga rimu kwenye jiwe kwa mlio ambao sitaki kuusikia tena. Niliishia psi 22 mbele na 25 nyuma. Nyuma kunahitaji zaidi kwa sababu uzito mwingi wa mpandaji uko huko. Namba hizi ni za uzito wangu na za tairi lenye upana wa inchi 2.3, na mwenye kilo 60 au kilo 95 asizinakili; atafute zake kwa kushuka polepole kama nilivyofanya. Atahitaji geji ya kuaminika, kwani ile ya kwenye pampu kubwa haitofautishi vizuri 20 na 24, na tofauti hiyo ndiyo yote.

Nilikuwa na wasiwasi kuhusu mwinuko. Shinikizo la hewa ya nje huongezeka mtu anaposhuka, na kwa mita 1,000 kati yetu na Mombo geji inapaswa kusoma pungufu ya psi moja na nusu hivi kwenye tairi lililojazwa Lushoto. Nilijaza 22 alfajiri, hewa ikiwa nyuzijoto 18, nikateremka, nikapima saa saba mchana kivulini pale Mombo penye nyuzijoto 32, geji ikasoma 22. Nilidhani geji imekwama. Nilipokaa na kalamu nikaona kwamba joto lilikuwa limerudisha karibu kiasi kilekile kilichochukuliwa na mwinuko. Ukurasa huo wa daftari nimeuwekea alama. Kuhusu miiba, nyika ya chini imejaa mbigili na miti ya migunga, na siku hiyo nilichomoa miiba mitano iliyokuwa imezama kwenye tairi; kila tundu lilitoa povu jeupe kwa sekunde chache na kuziba. Dawa hiyo hukauka, hasa kwenye joto, kwa hiyo kila baada ya miezi miwili au mitatu nalitikisa gurudumu karibu na sikio na kusikiliza kama bado kuna kimiminika.

Shokapu ya mbele niliiacha hadi wiki ya pili kwa makusudi, kwa sababu tairi ngumu hudanganya: mpandaji hulaumu shokapu kwa mitikisiko inayotokana na upepo wa tairi. Kipimo cha msingi ni kile ninachokiita mshuko, yaani kiasi ambacho shokapu inazama kwa uzito wa mpandaji aliyetulia tu. Kwa baiskeli ya aina yangu mshuko wa asilimia 20 ya mwendo wote ni mahali pazuri pa kuanzia, na asilimia 20 ya milimita 120 ni milimita 24. Nilivaa kila kitu ninachosafiri nacho, helmeti, mkoba wenye lita mbili za maji na vifaa, kwani uzito wa kupima ni ule wa njiani. Mdogo wangu aliishikilia baiskeli kwa nyuma, mimi nikasimama juu ya pedeli, nikainama kidogo kama anayeteremka, nikabonyea mara tatu ili mpira wa ndani ulegee, nikatulia. Akasukuma pete ndogo ya mpira hadi kwenye ukingo wa shokapu, akasema, "Tayari kaka, shuka taratibu." Nikashuka bila kuibonyeza tena. Rula ikasoma milimita 33. Shokapu ilikuwa imejazwa upepo wa mtu mwepesi kuliko mimi.

Kuiongeza kunahitaji pampu ndogo ya shokapu, yenye geji yake. Niliongeza psi 5 kila mara, na baada ya kila nyongeza niliibonyeza shokapu mara sita au saba ili chumba cha juu na kile kidogo cha chini visawazishane. Asiyefanya hivyo hupata namba ambayo itabadilika baada ya jiwe la kwanza. Jambo lililonisumbua ni mlio wa upepo wakati wa kuitoa pampu. Nilidhani shokapu inavuja, nikairudisha pampu, nikaona geji imeshuka, nikaongeza tena, na mzunguko huo ukajirudia mara nne. Kumbe mlio ule ni upepo wa kwenye mpira wa pampu, na geji hushuka unapoirudisha kwa sababu mpira huo unajazwa upya kutoka ndani ya shokapu. Jaza, toa, achana nayo. Kipimo cha kuamini ni rula. Nilipofika milimita 24 nilisimama.

Kasi ya kurudi, inayorekebishwa kwa kitasa chekundu chini ya mguu wa kulia wa shokapu, niliipima kwenye ngazi moja ya saruji nje ya jengo la shule. Nilikuwa nashuka ngazi hiyo nikiwa nimeketi, polepole, nikitazama usukani. Kitasa kikiwa wazi kabisa, usukani ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, kama mashua ndogo kwenye mawimbi. Kikiwa kimefungwa kabisa, ulipanda kwa uvivu, na ngazi mbili mfululizo ziliukuta bado haujarudi juu, na kwenye mteremko wenye mawe mengi mfululizo hali hiyo huifanya shokapu ijikusanye chini na kugeuka kipande cha chuma. Nilihesabu mibofyo kuanzia pale kilipofungwa, na kwenye mbofyo wa 8 usukani ulizama, ukarudi mara moja, ukatulia. Baada ya mteremko wa siku nzima kutoka Mtae pete ya mpira ilikuwa imefika milimita 106. Hilo ndilo ninalolitaka: mwendo karibu wote unatumika, na unabaki kidogo kwa kosa ambalo bado sijalifanya.

Gia ndizo zilizonirudisha kwenye ile katoni iliyolala kwa ubavu. Katikati zilibadilika vizuri kabisa, ila kwenye sproketi ndogo mbili za mwisho mnyororo ulitetemeka, na kwenye ile ya meno 51 ulikwaruza karibu na spoku kwa namna ya kuogofya. Niligeuza kirekebisho cha waya robo mzunguko kwenda na kurudi kwa siku mbili. Kila nilipoponya upande mmoja, wa pili uliugua. Nilimpelekea fundi mmoja mzee pale sokoni, ambaye hajawahi kuwa na baiskeli ya gia 12 lakini amenyoosha vyuma kwa miaka zaidi ya thelathini.

"Mwalimu, acha kwanza hizo skrubu," alisema baada ya kuchutama nyuma ya gurudumu na kufumba jicho moja. "Sikio limepinda."

Sikio ni kile kipande kidogo cha alumini kinachounganisha kibadili gia na fremu. Hutengenezwa laini ili kipinde chenyewe badala ya kuiharibu fremu. Fundi alikifungua kibadili gia, akaingiza kwenye tundu la sikio ekseli ya gurudumu la nyuma la baiskeli nyingine, kwa kuwa nyuzi zake za milimita 10 zinaoana, akaikaza mpaka magurudumu mawili yakawa yamesimama sambamba, moja la kwangu na moja la kuazima. Kisha akapima nafasi kati ya rimu kwa kijiti cha fito, juu, chini, mbele na nyuma. Juu zilitofautiana kwa upana wa vidole viwili. Alilivuta lile gurudumu la kuazima kwa mikono yote miwili, polepole, kwa mvuto mmoja, akapima tena, akavuta tena kidogo. "Shikamoo fundi," nilimwambia nilipoona kijiti kinapita sawasawa pande zote nne, na nilimaanisha. Niliporudisha kibadili gia na kuweka mipaka ya skrubu mbili ili mnyororo usiweze kuvuka kuingia kwenye spoku wala kudondokea kwenye fremu, robo mzunguko mmoja wa kirekebisho ulitosha kwa gia zote 12.

Waya mpya wa gia hulegea kidogo katika kilomita mia za mwanzo, kwa kuwa ganda lake linakaa sawasawa kwenye vishikio, kwa hiyo nilirekebisha tena robo mzunguko juzi. Spoku nazo zilikuwa zimetulia: nilizibana mbili mbili kwa vidole kuzunguka magurudumu yote, nikakuta tatu za nyuma, upande wa kushoto, zimelegea kuliko wenzake, na fundi yuleyule akazikaza.

Daftari limefika ukurasa wa 31. Ukurasa wa mwisho unasomeka hivi: kiti sentimita 70, mshuko milimita 24, mbofyo wa 8, upepo 22 na 25, vishikio ndani milimita 20. Mshuko nitaupima tena baada ya safari chache zaidi, kwa kuwa mipira ya ndani ya shokapu mpya huendelea kulainika kwa saa 10 hadi 20 za kupanda, na sitashangaa nikikuta 26. Usukani nitaukata Jumamosi, milimita 15 tu kila upande kwanza. Jumapili nitarudi kwenye kona ya Irente.